Tawi limeunganishwa, seva haijibu: njia tuli, NAT, proksi ARP au handaki?

Anayehudumia ofisi zenye matawi hapa Nyanda za Juu Kusini ataitambua hali hii. Ofisi kuu ya chama cha ushirika iko Mwanjelwa, Mbeya. Tawi liko Tukuyu. Kompyuta ya tawi yenye modemu inapiga, inaunganishwa, inatuma pingi (ujumbe mdogo wa kupima mawasiliano) kwa seva ya Mbeya na kujibiwa. Kompyuta ya pili, iliyo meza ya jirani kwenye swichi ileile, inaambulia `Request timed out`. Mhasibu analalamika kwamba mtandao upo lakini haupo, na hajakosea.

Mara nyingi modemu haina kosa, wala laini. Pakiti (kifurushi cha data) ya kompyuta ya pili inafika Mbeya salama. Jibu ndilo linalokosa njia ya kurudi. Kompyuta iliyopiga ilipewa anwani na upande wa pili wakati wa kuunganishwa, kwa hiyo inajulikana huko. Zilizo nyuma yake hazikutambulishwa kwa yeyote. Njia nne tunazozilinganisha hapa ni njia tuli (kuandika njia kwa mkono pande zote), NAT (kubadilisha anwani ya anayetuma), proksi ARP (ruta kujibu kwa niaba ya tawi) na handaki (kiungo cha faragha juu ya intaneti), nazo zinatofautiana hasa kwa jambo hilo: nani atabeba jukumu la kujua njia ya kurudi.

Namba tutakazotumia kote ni hizi:

- Ofisi kuu: sabneti (kundi la anwani za mtandao mmoja) 192.168.10.0/24, ruta 192.168.10.1, seva 192.168.10.5
- Tawi: sabneti 192.168.20.0/24, kompyuta yenye modemu 192.168.20.1, kompyuta ya pili 192.168.20.14, printa 192.168.20.30
- Kiungo cha PPP (muunganisho kati ya anayepiga na anayepokea): Mbeya 10.99.0.1, Tukuyu 10.99.0.2

## Vigezo vya kuchagulia

Simu inapokelewa na nani? Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalorukwa zaidi. Modemu mbili zikizungumza moja kwa moja kwenye laini ya simu ya mezani, au tawi likipiga L2TP (PPP inayopita juu ya intaneti) hadi ruta ya ofisi kuu, PPP inaishia Mbeya na njia zote nne zinawezekana. Lakini modemu ya USB yenye laini ya simu ya mkononi, ile inayopiga `*99#`, inapokelewa na kampuni ya simu. Pakiti inayotafuta 192.168.10.5 ikifika huko inatupwa, kwa sababu anwani za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 hazisafirishwi kwenye intaneti ya umma. Kwa laini ya namna hiyo, njia tatu za kwanza hazina kazi mpaka handaki liwepo.

Nani ana ruhusa ya kugusa ruta ya ofisi kuu? Kama ni wewe, mlango uko wazi. Kama lazima uandike barua na kusubiri, hesabu muda huo pia.

Nani anayeanza mazungumzo? Tawi kuifungulia seva ni jambo moja. Ofisi kuu kutuma karatasi kwenye printa ya tawi, au kuingia kwenye kompyuta ya tawi kuirekebisha, ni jambo jingine kabisa.

Namba zinagongana? Ikiwa pande zote mbili ni 192.168.1.0/24 kama ruta zilivyotoka kiwandani, kompyuta ya tawi itamtafuta jirani yake mezani na haitapita kwenye modemu kamwe. Badilisha namba za upande mdogo kabla ya yote. Kazi ya saa mbili kwa ofisi ya kompyuta 6 ni nafuu kuliko viraka vya miaka.

Umeme ukikatika na kurudi, nini kitajirudisha chenyewe? Rungwe ni nchi ya mvua na radi. Simu itakatika. Mpangilio unaofanya kazi mpaka simu ikatike tu haujafanya kazi.

## Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni njia

Kutoka kompyuta yenye modemu tuma pingi kwa 10.99.0.1, halafu 192.168.10.1, halafu 192.168.10.5. Rudia kutoka kompyuta ya pili, ukianza na 192.168.20.1.

Ikishindwa 10.99.0.1, rudi kwenye modemu: jina la mtumiaji, nywila, au laini yenyewe. Kompyuta ya pili ikishindwa hata 192.168.20.1, tatizo ni kebo, swichi au anwani. Ikifika 192.168.20.1 lakini ikakwama mbele, angalia kama lango lake (kifaa inachopitia kwenda mitandao mingine) ni 192.168.20.1, kisha kama kompyuta yenye modemu inaruhusu kupitisha pakiti. Kwenye Linux, `sysctl net.ipv4.ip_forward` ilete 1. Kwenye Windows ni thamani ya `IPEnableRouter` iliyo chini ya `Tcpip\Parameters` kwenye rejista. Iweke 1, uwashe upya.

Kisha sikiliza kwenye kiungo chenyewe. Kwenye kompyuta yenye modemu endesha `tcpdump -ni ppp0 icmp`, inayoonyesha pingi zinazopita kwenye `ppp0` (kiolesura cha PPP), huku kompyuta ya pili ikituma pingi:

```
IP 192.168.20.14 > 192.168.10.5: ICMP echo request, id 1, seq 41, length 40
IP 192.168.20.14 > 192.168.10.5: ICMP echo request, id 1, seq 42, length 40
IP 192.168.20.14 > 192.168.10.5: ICMP echo request, id 1, seq 43, length 40
```

Maombi yanatoka, na hakuna mstari hata mmoja wa `echo reply`. Upande wa Tukuyu umemaliza kazi yake. Usiguse tena chochote huku. Shida iko Mbeya.

Ila kuna mtego mmoja unaofanana nao sana. Faiwoli ya Windows kwenye mtandao wa aina ya binafsi hujibu pingi na kushirikisha mafaili kwa sabneti yake tu. Seva ya Windows inaweza kuwa na njia sahihi kabisa ya kurudi na bado ikanyamaza, kwa kuwa 192.168.20.14 ni mgeni kwake. Fungua kanuni za `File and Printer Sharing`, sehemu ya anwani za mbali, uongeze 192.168.20.0/24. Fanya hivyo kabla ya kulaumu ruta.

## Njia tuli pande zote mbili

Inavyofanya kazi. Kila upande unaambiwa waziwazi sabneti ya mwenzake iko wapi. Hakuna anwani inayobadilishwa njiani. Seva inamwona 192.168.20.14 kama alivyo.

Kuiweka. Upande wa tawi, njia ya 192.168.10.0/24 ipite `ppp0`. Usiiandike kwa mkono ukaondoka, kwa kuwa simu ikikatika `ppp0` inatoweka pamoja na njia zake zote. Weka `ipparam mbeya` kwenye faili la muunganisho, halafu tengeneza `/etc/ppp/ip-up.d/njia-mbeya`:

```
#!/bin/sh
[ "$6" = "mbeya" ] && ip route replace 192.168.10.0/24 dev "$1"
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x`. Kwenye Debian na ndugu zake, jina la faili hilo lisiwe na nukta. Ukiliita `njia-mbeya.sh`, litarukwa bila ujumbe wowote wa kosa, na utatafuta mpaka jioni.

Upande wa Mbeya, ikiwa ruta ni MikroTik, njia ya kurudi iandikwe kwenye akaunti ya anayepiga ili iwekwe kila anapoingia:

```
/ppp secret set tawi-tukuyu remote-address=10.99.0.2 routes=192.168.20.0/24
```

Tawi likiwa na Windows linalopiga VPN, `Add-VpnConnectionRoute -ConnectionName "Mbeya" -DestinationPrefix 192.168.10.0/24` hurudisha njia kila linapounganishwa. Hiyo ni salama kuliko `route -p` inayotegemea namba ya kiolesura, maana namba hiyo inaweza kubadilika simu inapopigwa upya. Ukiweka njia hiyo, ondoa tiki kwenye `Use default gateway on remote network`, la sivyo hata video za simu za wafanyakazi zitapitia Mbeya.

Inapokwama. Hasa pale kifaa kinachopokea simu Mbeya si ruta yenyewe. Tuseme kinachopokea ni 192.168.10.2, na lango la seva ni 192.168.10.1. Seva inampelekea .1 jibu la Tukuyu, na .1 hajui Tukuyu ni wapi. Analisukuma kwenye intaneti linakopotelea. Ukimwongezea .1 njia ya kupitia .2, bado anaweza kukwamisha, kwa sababu ombi liliingia kwa seva moja kwa moja kutoka .2 na .1 anaona majibu peke yake. Faiwoli inayofuatilia mazungumzo huyahesabu kuwa batili na kuyatupa. Dawa nyepesi ni kuweka njia kwenye seva yenyewe: `route -p add 192.168.20.0 mask 255.255.255.0 192.168.10.2`. Hapa `-p` inafaa, kwa kuwa .2 iko kwenye kadi ya kawaida isiyotoweka.

Inamfaa nani. Ofisi yenye fundi mmoja anayeshika pande zote, matawi machache yenye namba tofauti, na haja ya kuonana kwa pande mbili. Matawi yakifika kumi na kuendelea, kuandika kila njia kwa mkono kunachosha na makosa huingia.

## NAT kwenye kompyuta inayopiga

Inavyofanya kazi. Kila pakiti inayotoka tawini inavishwa anwani ya 10.99.0.2 kabla ya kuingia kwenye kiungo. Mbeya inadhani inazungumza na kompyuta moja tu, ile inayoijua tayari. Jukumu la njia ya kurudi linabebwa na tawi.

Kuiweka. Mstari mmoja:

```
iptables -t nat -A POSTROUTING -o ppp0 -j MASQUERADE
```

Tawi bado linahitaji njia ya kwenda 192.168.10.0/24 kama ilivyoelezwa juu. Mbeya haiguswi.

Kwenye Windows njia ya mkato ni kushirikisha muunganisho, lakini ina gharama: kadi ya ndani inageuzwa kuwa 192.168.137.1 bila kuulizwa. Kompyuta zilizoandikiwa 192.168.20.x kwa mkono zinapotea zote kwa mpigo, pamoja na printa.

Inapokwama. Mbeya haiwezi kuanza mazungumzo. Ukitaka karatasi zitoke kwenye printa ya tawi, fungua mlango (port) mmoja mmoja:

```
iptables -t nat -A PREROUTING -i ppp0 -p tcp --dport 9100 -j DNAT --to-destination 192.168.20.30:9100
```

Printa ya pili itahitaji namba nyingine ya mlango, ya tatu nyingine tena. Kuna pia suala la ukaguzi: kumbukumbu za seva zitaonyesha kila muamala wa tawi umetoka 10.99.0.2. Kwa chama kinachoshika fedha za wanachama, hilo lifikirieni mapema. Swali la nani aliingia saa ngapi kutoka meza ipi litaulizwa siku moja.

Inamfaa nani. Tawi ambalo kazi yake ni kufungua mfumo wa ofisi kuu tu, na ambalo ruta ya upande wa pili iko chini ya mtu mwingine.

## Proksi ARP

Inavyofanya kazi. Tawi linakatiwa kipande cha sabneti ya ofisi kuu. Kompyuta ya Mbeya ikiuliza kwenye waya "nani ana 192.168.10.195?", ruta inajibu kwa niaba ya tawi na kuipitisha pakiti. Seva haihitaji njia yoyote mpya. Inadhani Tukuyu ni chumba cha pili.

Kuiweka. Kwa kompyuta moja inayopiga, neno `proxyarp` kwenye mipangilio ya pppd upande wa Mbeya linatosha, mradi anwani inayogawiwa iwe ndani ya 192.168.10.0/24. Isipokuwa humo, rekodi itaandika `Cannot determine ethernet address for proxy ARP`, na maana yake ni hiyo tu: anwani si ya familia.

Kwa tawi zima, neno hilo halitoshi kwa kuwa linaitambulisha anwani moja ya aliyepiga. Tenga 192.168.10.192/27, yaani anwani 30 zinazotumika, kuanzia .193 hadi .222. Ruta ya Mbeya ipewe njia ya kipande hicho kupitia PPP, na kadi yake ya ndani iwashwe proksi ARP. Kompyuta za tawi zipewe maski 255.255.255.224 na lango .193.

Inapokwama. DHCP (mgawaji wa anwani) ya Mbeya ikigawa .200 kwa simu ya mgeni, mmoja atapotea na hutajua ni yupi. Punguza masafa ya DHCP kabla ya kuanza. Tena, usitegemee majina ya kompyuta kujitokeza yenyewe kwenye orodha ya mtandao: matangazo ya jumla hayavuki ruta, tumia anwani au faili la `hosts`. Na proksi ARP huficha makosa ya maski, kwa hiyo kompyuta iliyoandikwa vibaya inaweza kufanya kazi mwaka mzima na kufa siku ruta inapobadilishwa.

Inamfaa nani. Mtu mmoja anayepiga kutoka nyumbani au zahanati ya kompyuta moja. Pia programu kongwe inayokataa mteja asiye wa sabneti yake.

## Handaki la VPN

Inavyofanya kazi. Pande zote zinaingia intaneti kwa njia zao, kisha zinafungua kiungo chao juu yake. Tutachukua WireGuard, programu ya handaki, kwa kuwa iko kwenye Linux, Windows na RouterOS (mfumo wa ruta za MikroTik) kuanzia toleo la 7.

Kuiweka. Upande mmoja lazima uwe na anwani ya umma inayofikika. Angalia anwani ambayo laini yako imepewa: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu na hakuna atakayekufikia kutoka nje. Laini mbili za namna hiyo hazitakutana zenyewe. Omba anwani ya umma kwa ofisi kuu, au kodi seva ndogo mtandaoni pande zote ziipigie. Fungua UDP, kwa kawaida 51820. Upande wa tawi andika `AllowedIPs = 10.99.0.1/32, 192.168.10.0/24` na `PersistentKeepalive = 25` (mapigo ya kuweka kiungo hai); upande wa Mbeya `AllowedIPs = 10.99.0.2/32, 192.168.20.0/24`.

Anayehofia bando lake ajue: mapigo hayo ya kila sekunde 25 ni baiti 60 kila moja, kwa hiyo kwa siku 30 hayazidi MB 6 au 7 kwa upande unaotuma.

Inapokwama. `AllowedIPs` ni njia na ni mlinzi kwa pamoja. Ukisahau 192.168.20.0/24 upande wa Mbeya, pakiti za kompyuta ya pili zinatupwa mlangoni hata kama jedwali la njia ni sahihi. Kutuma kwenda anwani isiyoorodheshwa kwenye Linux huleta `Required key not available`. Usihangaike kutengeneza ufunguo mpya, ongeza sabneti. Kwenye Linux `wg-quick` huweka njia yenyewe. MikroTik haiweki, iandike kwa `/ip route`.

Ukubwa wa pakiti ndio unaosumbua zaidi. Pingi inapita, ukurasa wa kuingia unafunguka, ripoti ndefu inaganda. Kutoka Windows jaribu `ping -f -l 1392 192.168.10.5`, hiyo ni 1420 ukijumlisha vichwa. Ikishindwa, punguza kwa 20 mpaka ipite, jumlisha 28, na uiweke namba hiyo kama MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya handaki pande zote.

Halafu saa. Kompyuta ndogo ya ubao isiyo na betri ya saa, umeme ukirudi, huamka na tarehe ya zamani. WireGuard hukataa salamu yenye muda ulio nyuma ya ile ya mwisho, na handaki linabaki limekufa ingawa intaneti ipo. Hakikisha kifaa kinachukua saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) moja kwa moja kutoka intaneti, nje ya handaki.

Inamfaa nani. Yeyote anayetumia laini ya simu ya mkononi, na yeyote ambaye data yake haipaswi kupita wazi.

## Kwa kutazamana

| | Njia tuli | NAT | Proksi ARP | Handaki |
|---|---|---|---|---|
| Kugusa ruta ya Mbeya | Lazima | Hapana | Lazima | Lazima |
| Mbeya kuanza mazungumzo | Ndiyo | Kwa mlango mmoja mmoja | Ndiyo | Ndiyo |
| Kutumika na laini ya mkononi | Ndani ya handaki | Ndani ya handaki | Kwa shida | Ndiyo |
| Usimbaji | Hakuna | Hakuna | Hakuna | Upo |
| Mzigo wa ziada kwa pakiti | Hakuna | Hakuna | Hakuna | Baiti 60 |

## Ukiwa katika hali hii

*Modemu ya simu ya mezani hadi modemu.* Kasi ya juu ni 56 kbps kushusha pale tu upande unaotuma umeungwa kidijitali. Modemu za kawaida mbili hazizidi 33.6. Faili la MB 1 ni dakika 4 hata laini ikiwa safi. Njia tuli au proksi ARP zinafaa, kwani kila baiti ina thamani. Weka kinga ya radi kwenye waya wa simu pia, maana modemu nyingi huungua kwa kupitia huko.

*Ghala la mbao Mafinga linalofungua mfumo wa Iringa, laini ya mkononi.* Handaki kwanza. Ndani yake njia tuli, isipokuwa kama Iringa hairuhusu kuandikiwa sabneti mpya. Hapo NAT ndani ya handaki.

*Zahanati yenye kompyuta moja.* Hakuna sabneti ya kuelekeza. Ipe anwani moja ya PPP kwa `proxyarp` ikiwa simu inapokelewa na ofisi kuu, au WireGuard ya kompyuta hiyo peke yake.

*Ofisi kuu yenye matawi Tukuyu, Kyela, Mbalizi na Makambako.* Panga namba leo hata kama tawi moja tu ndilo limeunganishwa: 192.168.20, 21, 22, 23. Handaki moja kwa kila tawi, yote yakiishia Mbeya. Matawi yakitaka kuonana wenyewe kwa wenyewe, kila tawi, kwenye mpangilio wake, liorodheshe sabneti za wenzake kwenye `AllowedIPs` zinazohusu Mbeya.

*Kazi lazima ianze kesho asubuhi na anayeshika ruta ya Mbeya yuko safarini.* Weka NAT, watu wafanye kazi. Akirudi na kuandika njia ya 192.168.20.0/24, futa kanuni ya `MASQUERADE` kabla ya kupima. Ukiiacha, pingi itajibiwa na wote mtaamini njia tuli imekubali, kumbe ni NAT bado inabeba. Angalia `tcpdump` upande wa Mbeya mpaka uone 192.168.20.14 ikifika kwa namba yake mwenyewe.